Ukungu wa Boito na Hema la Mwalimu Owino

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya upili upande wa Boito, nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, naishi na mama kwenye shamba la majani chai alilotuachia baba, na safu yako nimeisoma tangu nikiwa chuo cha ualimu bila kufikiri kwamba siku moja ningekuandikia, lakini sasa naomba unishauri kwa sababu hapa kwetu sina wa kumuuliza. Majina yote ya watu nimeyabadilisha, hata langu.

Miaka minne iliyopita nilinunua kamera ya Zenit kutoka kwa mtawa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Wenye kamera hapa hupiga picha za harusi na ubatizo, lakini mimi napenda kupiga nchi yenyewe, yaani mabonde, mashamba na mawingu, na sijui kwa nini, ila picha ya watu naiangalia mara moja na picha ya bonde naweza kuiangalia mwaka mzima. Kuna kilima ukingoni mwa msitu wa Mau, juu ya shamba la mwisho la chai, na ukiwa pale jua linapochomoza unaona ukungu umelala juu ya chai yote mpaka chini kabisa, kisha unaanza kuinuka pole pole, na kufika saa moja na nusu umekwisha. Kutoka nyumbani mpaka pale ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na njia ile mwanamke hawezi kuipita gizani, kwa hiyo kila nilipofika nilikuta kumeshakuwa kweupe. Nikaona dawa ni kulala pale pale.

Nilimwomba mwalimu Owino, anayefundisha Kemia na kusimamia skauti, aniazime hema moja la shule. Hakuuliza mengi. Alinionyesha jinsi ya kulisimamisha nyuma ya maabara, akanionya nisilipige karibu na mto na nisiache chakula ndani, na kwenye kitabu cha stoo akaandika jina lake kwa sababu mimi si mtu wa skauti. Mama nilimwambia naenda Litein kwa semina ya walimu wa Sunday school, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Ilikuwa mwisho wa Aprili, shule zimefungwa.

Nililala kule siku mbili peke yangu. Jumamosi asubuhi wingu lilikuwa chini na sikuona kitu. Jumapili ukungu ulikuja kama nilivyoutaka, nikapiga filamu nzima. Nilipokuwa nafunga vitu alitokea mama mmoja mwenye mzigo wa kuni, anaitwa Nyathira, anaishi kwenye nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Aliuliza niko na nani, nikamwambia niko peke yangu. Hakuamini, akainama akachungulia ndani ya hema, kisha akasema, "Kweli, uko peke yako. Basi wewe huna woga ama huna akili." Akanipa kiazi cha kuchemsha, akaenda zake. Mshauri, sijawahi kuwa na amani kama asubuhi ile.

Nilipofika nyumbani nilikuta watu uani. Jumamosi jioni mama aliteleza akikamua ng'ombe, akavunjika mkono, na kaka yangu Weldon alienda Litein kunichukua. Wenye semina walimsomea orodha kutoka juu hadi chini na jina langu halikuwemo. Mama alikuwa amefungwa plasta, akaniambia mbele ya shangazi zangu, "Kama ni mwanamume, sema tumjue. Wewe si wa kwanza. Lakini usiniambie ati umelala kwa baridi kungojea ukungu." Kwa maana nilikuwa nimewaambia ukweli mara hiyo moja, na shangazi mmoja alicheka.

Siku mbili baadaye mwalimu Owino alianika hema kwenye ua nyuma ya nyumba yake, kwa sababu nililirudisha likiwa na maji, na watu waliliona. Yeye wikendi ile alikuwa amesafiri kwao Ahero kumwona babake. Watu wakajumlisha. Weldon alikuja jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni Owino?" Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilikuwa nachambua mboga, nikaendelea kuchambua, naye akatoka akijua kwamba amejibiwa.

Wiki mbili baadaye Bilhah, mke wa Owino, ambaye ni fundi wa nguo hapa sokoni, alichukua watoto wao wawili na cherehani yake akaenda kwa wazazi wake Nyamira. Watu wa Ahero walimwambia kwamba bwana alikuwa kwao, lakini alijibu kwamba hao ni wa damu yake, wangesema nini kingine. Owino hajanilaumu. Tukikutana kwenye ofisi ya walimu ananisalimu kama zamani, kisha anatoka nje.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima niliseme, kwa sababu nisipolisema hutanielewa. Watu wa nyumbani walikuwa wamepanga niolewe na Kipkosgei, mgane wa huko Mulot mwenye ngano na ng'ombe wengi, mtu mzuri lakini mimi sikumtaka na sikuwa na ujasiri wa kukataa mbele ya wajomba. Wazee wake walikuwa waje Mei. Waliposikia habari ya Owino walituma neno kwamba hawaji tena. Nilipumua. Tangu siku hiyo hakuna anayenitajia kuolewa, Weldon haniulizi naenda wapi, na nimeona kwamba wananielewa zaidi nikiwa mwanamke mwenye dhambi ya kawaida kuliko nikiwa mwanamke anayelala peke yake kilimani.

Picha zilirudi kutoka Kericho mwezi wa Juni. Tatu ni nzuri sana. Ziko kwenye droo yangu shuleni na hakuna mtu aliyeziona.

Sasa shule zinafungwa Agosti na nataka kurudi kule, safari hii siku nne, maana ukungu wa Agosti ni mzito zaidi. Naomba unijibu mambo mawili. La kwanza, je, ni vibaya kwa mwanamke Mkristo kulala nje peke yake kwa ajili ya picha? La pili, nimwambie mama nini ili asinizuie?

Caren, Boito

JIBU

Mwalimu Caren,

Umeuliza maswali mawili, na lile kubwa umelificha katikati ya barua kama mtoto anayeficha kikombe kilichovunjika nyuma ya vikombe vizima. Nitakujibu yote, lakini kwa mpango wangu.

Kwanza nikupe haki yako. Kupenda mabonde si ugonjwa. Wako watu wanaoamka alfajiri kwa sababu ya ng'ombe na hakuna anayewashangaa. Wewe umeamka kwa sababu ya ukungu. Ulitafuta hema, ukajifunza kulisimamisha, ukavumilia asubuhi moja mbaya ukangoja ya pili. Hiyo ni kazi, na mtu anayefanya kazi yake vizuri simcheki. Shangazi yako alikosea kucheka. Na mama yako, kwa plasta yake na aibu ya wageni uani, usimhesabie maneno ya siku ile.

Sasa nikuambie usilotaka kusikia. Uongo wa semina ni mdogo, umeshaulipia. Kosa lako liko kwenye ile mboga. Ndugu yako alikutajia jina la mtu asiye na hatia, nawe ukachambua mboga. Neno moja tu lilitakiwa, hapana, na ulikuwa nalo mdomoni. Ulilimeza kwa sababu lilikufaa. Hukumtaka Kipkosgei, ukamtumia Owino kama ukuta wa kujificha, na ukuta huo una mke na watoto wawili. Mtu aliyekuazima hema kwa jina lake, akakuonya habari ya mto ili usilale kwenye maji, leo anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu na bado anakusalimu. Mimi nisingekusalimu.

Usiniambie kwamba wasingekuamini. Mara ya kwanza hawakuamini, ndiyo. Hukujaribu ya pili. Tena unaniambia una picha kwenye droo tangu Juni, na unaniambia kuna mama aliyeinama akachungulia hemani mwako, mtu asiye wa damu ya Owino wala ya kwenu. Umeniandikia mimi nisiyekujua kurasa nne. Nyathira hujamwendea hata mara moja.

Fanya hivi, na ufanye kabla shule hazijafungwa. Kesho asubuhi mwambie Owino kwamba unakwenda kusema. Usimwombe ruhusa na usimlilie. Ana yake ya kutosha. Kisha panda mpaka kwa Nyathira umweleze yote, pamoja na yale yasiyokupendeza, umwombe aandamane nawe hadi Nyamira. Akikataa, nenda na mama mwingine wa kanisa anayeheshimika. Usiende na Weldon. Beba picha, lakini usizitegemee, maana picha haionyeshi aliyesimama nyuma ya kamera. Mbele ya Bilhah usianze na ukungu. Anza na jikoni kwenu, mwambie uliulizwa nini na ukanyamaza kwa nini. Kama atakufukuza, ondoka kwa adabu. Utakuwa umemwachia ukweli mlangoni na atauokota akitaka.

Ukirudi, waite mama yako, Weldon na shangazi wale wale waliokuwepo uani, useme ulichosema Nyamira. Hapo hapo, kwa kinywa chako, waambie hukutaka kuolewa Mulot. Wajomba watanuna. Mjomba akinuna hafi mtu. Na kwenye kitabu cha stoo, mwombe mwalimu mkuu uandike jina lako kando ya lile hema na tarehe zake.

Ukimaliza hayo, maswali yako mawili ni mepesi. Si dhambi kulala nje peke yako. Ni hatari, na hatari huandaliwa. Mama yako mwambie mahali penyewe, siku ya kwenda na saa ya kurudi. Piga ripoti kwa naibu wa chifu na kwa walinzi wa msitu, maana wakikukuta bila taarifa watakudhania mkata miti. Mwombe ruhusa mwenye shamba la mwisho na upige hema mahali ambapo ukipiga filimbi nyumba yake inasikia. Beba blanketi la pili na dawa ya tumbo. Siku nne ni nyingi kwa mtu aliyelala mbili tu, anza na mbili. Mvua kubwa ikianza, shuka. Ukungu utarudi mwaka ujao.

Lakini usithubutu kufunga mzigo huo kabla hujakwenda Nyamira.

Rebeccah

BARUA YA PILI

(Mwalimu Caren aliandika tena mwezi wa Oktoba. Nimemwomba ruhusa nichapishe, na siongezi neno langu.)

Mshauri,

Jibu lako nililisoma nikakasirika wiki moja. Kisha nikafanya.

Nyumbani nilisema yote. Weldon alitoka nje akaenda kuangalia ng'ombe, na mpaka leo hajaligusa jambo hilo, ila siku moja nilimwona akimsimamisha Owino barabarani na wakasalimiana kwa mkono. Wajomba walinuna kama ulivyosema. Mama aliuliza tu kama kule juu kuna baridi sana. Agosti nilikwenda siku mbili, kwa ripoti na kwa ruhusa, na mama ndiye aliyetafuta blanketi la pili. Siku zote mbili ukungu ulichelewa kuinuka, ulikaa mpaka saa nne. Nilipiga picha sita tu. Sikujuta.

Nyamira tulikwenda mapema, wiki ya mwisho ya Julai, mimi na Nyathira. Tulimkuta Bilhah akishona sare za shule kwenye baraza ya babake. Nilianza na jikoni kama ulivyoniambia. Hakusimamisha cherehani mpaka nilipofika mahali pa mboga, hapo akainua mguu. Alimuuliza Nyathira swali moja tu, ndani ya hema kulikuwa na mablanketi mangapi. Nyathira akasema moja, tena jembamba, na viatu pea moja. Bilhah akaitikia kwa kichwa. Picha nilizitoa, akaziangalia zote tatu, akanirudishia.

Amerudi kwa bwanake. Walikaa hapa mwezi mmoja, kisha Owino akapata uhamisho kwenda upande wa Kisumu, wakahama wote. Sikuambiwa siku ya kuondoka. Nilikuta tu jina lake limefutwa kwenye ratiba. Kitabu cha stoo nimekiandika.

Siku ile ya Nyamira, tulipokuwa tunaaga, Bilhah alitusindikiza mpaka barabarani, kwa sababu Nyathira ni mtu mzima na hakutaka kumkosea heshima. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Alisema, "Mwalimu, ungekuja ile wiki ya kwanza, ningekupikia chai."

Tulikuwa tumekaa kwake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, na hakuwa amepika.