Kadi ya Rehema, Mtaa wa West

Jumanne, 6 Mei

Kadi ya Rehema imepotea. Itakuwa Jumamosi iliyopita, mchana, kwenye meza yangu mwenyewe, mimi sipo.

Nimegundua leo nikipanga biashara. Majengo kushoto, mitaa katikati, bandari kulia. Kadi za posta za Durban ya zamani zinanilisha mwaka wa kumi na nne sasa. Nilianza na boksi moja la viatu, sikusaidiwa na mtu. Kipochi cha plastiki nyuma ya meza kitupu.

Picha yenyewe ya kawaida. Mtaa wa West, tramu mbili, jumba lenye mnara wa saa, mvuta riksho mwenye mapembe kichwani. Ninazo saba kama hiyo. Lakini nyuma ya ile Rehema, mke wangu, aliandika kwa penseli, asubuhi moja akiwahi mzigo: "Chakula kiko chini ya sahani. Usibishane na wateja." Miaka mitatu tangu nimzike. Mengine yake yote yalikuwa kwenye simu, na simu iliibwa. Mwandiko wake nilikuwa nao huo tu.

Jumatano, 7 Mei

Mama Safi, anayesuka nywele meza ya pili, ndiye alinishikia biashara nilipokwenda Isipingo kutazama kadi. Nimemwuliza. Hakuficha. Kuna mtu kaja, kaipenda, kampa. Fifty rand.

Hasira zikanipanda. Si nilimwonyesha kwa kidole? Hii usiuze!

"Papa Zuberi, ulisema nisiuze. Sikuuza. Niliuzisha. Miye nitauza karatasi ya zamani ya kufanya nini?"

Nikaona ananichezea. Nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Mteja mmoja akasema, "Eish, papa, unalilia tramu?" Wakacheka wote.

Alhamisi, 8 Mei

Fundi simu wa ng'ambo ya barabara, mtu wa Lubumbashi kama Mama Safi, amenieleza. Kwao kuuza ni kununua. Kuuza kwangu mimi, wao ni kuuzisha. Nilimkataza Mama Safi asinunue. Akanitii!

Miaka sita meza kwa meza, chai moja, na hatukuwahi kujua.

Bado nina hasira. Sina wa kumpa.

Ijumaa, 9 Mei

Mama Safi hasemi nami. Lakini kamtafuta mnunuzi, kanitumia mahali alipo. Bila salamu. Ni Papa Deo, Mkongo, amefungua saluni Sydenham. Nimekwenda baada ya sala.

Nimeiona. Kadi kama thelathini, zote kwenye ubao mmoja mkubwa ukutani. Gundi ya mbao. Picha nje. Mwandiko wa Rehema umelala ndani ya gundi.

Akainua ncha kwa ukucha, kunionyesha haibanduki. Ikachanika. Nikamshika mkono.

Nikamwomba akate kipande cha ubao. "Tutaona, mzee. Wateja wanaupenda." Tutaona! Mara tatu kanijibu hivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Sikufungua. Sikula.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Biashara hakuna.

Nimempelekea Mama Safi chai. Nimemwambia neno mwizi lilikuwa kosa langu. Kaipokea kwa mikono miwili, kaendelea kusuka.

Ule mwandiko sitausoma tena, najua. Gundi ikishakauka imekauka. Nataka tu ukae kwangu, sio nyuma ya vichwa vya watu wanaonyolewa.

Jioni nimemwandikia Papa Deo. Nimefuta mara mbili, maneno makali yalikuwa mengi. Nimetuma hivi:

Papa Deo, habari ya jioni. Nahitaji kipande kimoja cha ule ubao, penye kadi yangu ya Mtaa wa West, ukubwa wa kiganja. Msumeno naleta mimi. Ubao wa kuziba naleta mimi. Kadi nyingine ya mtaa ule ule naleta, wateja hawatajua. Ile iliandikwa nyuma na mke wangu, marehemu. Tutaona sitaki tena. Nikate au nisikate? Nijibu neno moja, kesho kabla ya saa kumi jioni.