Moshi Haukwenda Zake

Mjukuu wangu Juma,

Huku Ilagala tuko salama, na shangazi yako anakusalimu. Umeniuliza kwa nini kila nikikupigia simu nakusumbua uzime pikipiki unapongoja abiria.

Ujanani niliendesha boti. Nilikuwa nazidisha oili kwenye petroli nikidhani naitunza injini, kisha naiacha ingurume ufukweni, moshi ukienda zake. Siku moja binti aliyekuwa akianika dagaa pale mchangani akanijia na dagaa mmoja kiganjani.

“Onja, kaka.”

Nikatafuna. Mdomo ukajaa ladha ya injini. Akarudi kwenye dagaa wake. Nikazima, na tangu siku hiyo oili nikaipima.

Moshi hauendi zake, mjukuu wangu. Huenda kwa mtu. Wangu ulikwenda kwa bibi yako. Wako sijui unakwenda kwa nani.

Babu yako