Mstari Mzima au wa Kukatika

Kibeta, Bukoba

Dada yangu Joanitha,

Mmeamkaje huko Ijumbi? Clavery wangu ameota jino la pili, ananiuma nikimnyonyesha huku nasoma.

Darasa letu la jioni limefika kwenye grafu za "kubwa kuliko", nami nimepotea. Nilichora mstari wa kukatika-katika, mwalimu akacheka: "Mama Clavery, wino umekuishia?" Kumbe hesabu ilisema "kubwa kuliko au sawa". Hilo "au sawa" linataka mstari mzima, na nukta iliyokaa juu ya mstari mzima inahesabiwa. Kwenye mstari wa kukatika haihesabiwi. Mpaka sasa sielewi, dada. Mahali ni pale pale, sasa nani anaamua?

Niulizie baba yetu, Taata. Aliponifukuza na mimba yangu alisema nisivuke mpaka wa kibanja chake. Je, mpaka huo ni mstari mzima au wa kukatika? Maana kama ni mzima, Jumapili nakuja na Clavery, tusimame pale pale mpakani, kwenye mgomba wa mwisho. Hatutavuka. Atuhesabu tu.

Mdogo wako anayekupenda,
Annastella