Sahani ya Milembe

Mihayo,

Jana mkeo alipomtengea mwanao sahani ya peke yake kwa sababu ya sunzua, vile vinundu vya mkononi, uligeuza uso ukajifanya unatafuta chaja. Nilikuona.

Michembe ya viazi vitamu ipo kwenye sufuria. Ndama hawajanywa maji.

Asubuhi nimemkuta Milembe nyuma ya choo na wembe, anazikata mwenyewe. Damu mpaka kwenye sketi ya shule. Ananiambia, "Shangazi, zikiisha nitakula nanyi tena."

Nampeleka hospitali mjini. Daktari wa ngozi yupo leo tu, atazigandisha kwa naitrojeni ya maji, ile yenye baridi kali.

Mimi sisahau. Nikiwa darasa la nne, baba yetu alinichoma sunzua zangu kwa maji ya betri. Nililia jina lako. Ulikuwa mlangoni, ukatazama ng'ombe. Kidole hiki hakikunjiki mpaka leo.

~~Usije, utamtisha mtoto.~~ Hapana. Baridi ya dawa ile inauma, na Milembe amesema anamtaka baba yake. Ukimaliza kusoma hapa, panda bodaboda uje umshike mkono huo huo mnaouogopa.

Dada yako