Sarafu Namba Themanini na Saba

Jumanne, 1 Juni 1999

Nimeanza. Kopo la baba liko mezani, sarafu zote nimezimwaga juu ya kitambaa. Mia mbili na kumi na mbili. Zilikuwa zaidi! Tulipovuka ziwa kutoka Pweto, Kongo, kuja huku Zambia mwaka jana, vita vilipoanza, kopo lilifunguka mtumbwini. Mpaka leo sijui zipi zilizama, kwa sababu baba hakuwahi kuandika hata moja. Miaka thelathini anakata tiketi kwenye boti ya ziwa, kila sarafu ya kigeni anaitia koponi, basi. Yote aliyajua kichwani, na kichwa amekwenda nacho.

Hilo linaniuma kuliko sarafu zenyewe.

Kaka Willy ananitaka Lusaka. Kazi ya kupiga chapa ipo, chumba kipo. Napanda basi Kashikishi Jumamosi tarehe 19. Safari hii kopo haliondoki bila orodha.

Alhamisi, 3 Juni

Mwalimu Chabu wa sekondari ana kompyuta ofisini na amekubali niitumie baada ya vipindi. Ameagiza kwa rafiki yake wa Ndola disketi mbili zenye programu za kuorodhesha sarafu. Moja ya bluu, moja ya kijivu. Nichague.

Ya kijivu ni ya upole. Unaandika unachojua, usichojua unakiacha, mambo yanaendelea. Ya bluu ni kali kama masista walionifundisha! Nchi? Mwaka? Hali? Ilipatikana vipi? Ukiacha kisanduku kimoja wazi inapiga kelele na haikupeleki kwenye sarafu inayofuata.

Nikasema kijivu. Chabu akasema hiyo itanifanya kama baba yangu. Nilikasirika. Halafu nikacheka, maana ni kweli.

Ijumaa, 4 Juni

Ya bluu haijui Katanga! Jina la nchi unalichagua kwenye orodha yake, kuandika lako hairuhusu. Sasa ile faranga ya 1961 yenye ndizi, ya Katanga ilipojitenga na Kongo, ambayo baba hakuruhusu mtu aishike, niiweke wapi? Niseme ni Kongo? Baba angefufuka. Nimemwambia Chabu: basi, kijivu. Ameniomba siku chache.

Ni mtu wa ajabu. Tangu Februari alinitengenezea mlango, mama yake ananiletea samaki kutoka Chisenga, shangazi zake wakiniona sokoni wanapiga vigelegele. Wazambia ni watu wema mno.

Jumanne, 8 Juni

Katanga ipo!! Chabu amesoma kitabu cha maelezo, kurasa zote mia moja na arobaini, mpaka akakuta faili yanamokaa majina ya nchi. Amelifungua, ameandika kwa mkono wake. Sasa iko pale, kati ya Jordan na Kenya, kama nchi nyingine yoyote. Nimelia kidogo mbele yake. Aibu.

Basi nimeamua. Bluu.

Alhamisi, 10 Juni

Sarafu themanini na sita zimeingia. Tulikuwa tunacheka, yeye anasoma mwaka kwa lenzi, mimi napiga.

Ikaja ya 87. Shilingi ya Zambia ya 1964, yenye ndege hondohondo. Hiyo si ya baba. Aliniletea mzee Jairos, fundi mitumbwi, mwezi wa Februari. Ilikuwa imefunikwa katikati ya sahani mbili nyeupe, akasema imetoka kwa Chabu. Nilifurahi sana, kila mtu anajua nakusanya. Kwetu sahani ya mtu hatuirudishi tupu, basi nilikaanga mikate, nikazijaza, nikazirudisha na shukrani.

Ilipatikana vipi? Bluu inatoa majibu manne: kununua, kubadilishana, urithi, zawadi. Nikabonyeza zawadi.

Chabu akasogea kwenye kioo cha kompyuta, akaniita kwa «Ba» yao ya heshima.

«Ba Léonie, weye unasema iko zawadi?»

«Si ulinipa weye mwenyewe, Ba Teacher! Nitaenda nayo Lusaka, sitaipoteza.»

Habari ya Lusaka alikuwa hajaisikia. Nilidhani nimemwambia. Alizima kompyuta kabla hiyo moja haijahifadhiwa, akasema umeme una matatizo. Na taa inawaka!

Jumamosi, 12 Juni

Hajaonekana. Sijui nimekosa nini, na nakasirika kwamba inanisumbua.

Nimemweleza Olipa, mwenye nyumba wangu, alipokuwa anageuza samaki kwenye kichanja. Sarafu, sahani, mikate. Akakaa chini kabisa.

«Awe mwe! Na mikate ulitiamo?»

Alicheka mpaka machozi, kisha akaacha kucheka. Kwao sarafu ile ni posa. Mshenga anaileta kati ya sahani mbili. Ukikataa, unairudisha vilevile, imefunikwa, na hakuna ugomvi. Ukibaki nayo, umekubali. Nami nilibaki nayo nikaongeza mikate! Olipa anasema ukoo mzima ulikula.

«Ule mutu iko nakungojea miezi ine,» akaniambia. «Ile nyumba iko najenga nyuma ya shule, ulizania ya nani?»

Nilidhani ni ghala.

Mungu wangu. Nina miaka thelathini na minne, nimekuwa mchumba miezi minne, na sikualikwa.

Jumatatu, 14 Juni

Nina hasira naye. Mdomo anao, mbona hakusema? Halafu nakumbuka kurasa mia moja na arobaini, hasira inaisha.

Nimepita shuleni. Hayupo, ameacha ufunguo kwa mlinzi. Nimefungua programu. Themanini na saba inangoja, kisanduku cha «Ilipatikana vipi?» kiko wazi. Nikajaribu kuiruka. Kelele! Kijivu ingeniacha nipite.

Sikubonyeza kitu. Shilingi nimerudi nayo mfukoni.

Jumatano, 16 Juni

Willy amepiga simu kwa parokia: nisichelewe, wananingoja. Nimesema ndiyo, kaka. Sanduku nimelifunga, nikalifungua kutafuta kitana, halijafungwa tena.

Ijumaa, 18 Juni

Kesho ndiyo siku ya basi. Mzee Jairos yuko uani tangu saa nane, na sahani zile mbili nyeupe ndani ya kitambaa. Hana lawama. Anasema Ba Teacher hataki nisafiri na mzigo nisioujua. Kama kwangu ni zawadi tu, niiweke katikati, yeye ataifunika na kuibeba, tutaendelea kusalimiana barabarani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nikasema naingia ndani kuitafuta. Uongo. Iko mfukoni tangu Jumatatu.

Naandika nimesimama jikoni. Unga niliukanda asubuhi, kabla sijajua kama atakuja mtu. Nilijiambia ni mikate ya safari. Olipa ameingia, ameona karai. Amekwenda kuchukua sahani za mzee na sasa anaziosha.

Jairos anauliza kutoka nje mbona inakawia hivi, si sarafu moja tu? Nimemwambia angoje kidogo, mafuta ndiyo kwanza yanapata moto.