Komunike ya Kifo cha Mama Mukashema

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa mbele ya ofisa wa upelelezi (OPJ) Munyakazi, kituo cha polisi, Masisi-centre, Jumanne tarehe 21 Juni 2022, saa nne asubuhi.

Jina: Uwamariya Libérata
Umri: miaka 49
Kazi: zamani mwalimu wa Kifaransa; sasa katibu wa ushirika wa wafugaji "Maziwa ya Kilima"
Makazi: Lushebere, Masisi

Nimekuja mwenyewe, sikuletwa na mtu. Ofisa ameniomba mara mbili nieleze niliyoyaona na kuyasikia tu, nisihutubie. Nitajaribu. Wanaonijua hapa Masisi wanajua kwamba kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kulima.

Namfahamu mlalamikaji, Thierry, mtu wa Goma, ambaye kazi yake ni kutangaza bidhaa za watu. Namfahamu pia mshtakiwa, Ngabo, fundi seremala huko Walikale. Mama yake, Mama Mukashema, ni jirani yangu na ni mtengenezaji wa fromaji, yaani jibini, katika ushirika wetu.

Mwezi wa tatu mwaka huu ushirika ulifungua tovuti. Tulichoka kufichwa nyuma ya wachuuzi wanaopeleka fromaji yetu Goma na kuiita yao. Tulitaka mnunuzi atuone sisi, ng'ombe wetu na vilima vyetu. Lakini tovuti isiyotembelewa ni duka lililojengwa msituni, na yetu haikutembelewa. Ndiyo maana mwezi wa tano tulimwita Thierry.

Alianza vizuri, nami sitamnyima haki hiyo. Alibandika anwani ya tovuti kwenye pikipiki zinazokwenda Walikale. Aliichapisha kwenye karatasi za kufungia fromaji inayouzwa Shasha, kando ya barabara ya Minova. Aliomba isomwe kanisani baada ya misa. Papa Émile, anayetangaza sokoni kwa megafoni, aliipigia kelele kila siku ya soko. Kwenye simu, Thierry aliingia katika vikundi vya WhatsApp vya wana Masisi walioko Goma, Bukavu na Kisangani. Alimpiga picha Mama Mukashema amebeba fromaji, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mama alimwambia, "Meno yangu isionekane." Thierry akamjibu, "Mama, meno njo inauzaka," yaani meno ndiyo huuza. Mama akacheka, na meno yakaonekana.

Tarehe 13 Juni, Jumatatu, asubuhi, tulikuwa ofisini. Thierry alilalamika kwamba watu wanaona tangazo na kupita. Akauliza, "Batu ya hapa wanafunguaka nini bila kuwaza?" Annonciata, anayetunza ghala letu, alikuwa anafunga fromaji. Alisema bila kuinua kichwa, "Komunike ya kifo, kaka. Muntu akiona komunike, hata ugali inaungua." Tulicheka. Thierry hakucheka. Alimtazama Annonciata kama mtu aliyeonyeshwa njia.

Ofisa ni mtu wa hapa, lakini naomba jambo hili liandikwe kwa ajili ya hakimu, ambaye huenda si wa hapa. Kwetu, komunike ya kifo, yaani tangazo la msiba, haiulizwi. Vita vimetutawanya, kila mtu ana ndugu mahali asipoweza kufika. Redio ikisoma jina, au padri akilisoma, unaacha jembe shambani na unakwenda. Kupiga simu kwenye msiba na kuuliza kama ni kweli ni kuwatukana wafiwa. Hatuna mlango mwingine ambao tumeuacha wazi namna hiyo, bila kufuli na bila mlinzi.

Jumatano tarehe 15 Juni, saa tatu asubuhi hivi, nilikuwa sokoni. Nilisikia megafoni ya Papa Émile: "Komunike! Mama Mukashema wa Lushebere, mama ya Ngabo wa Walikale, ametuacha. Kwa mengine yote, fungua site ya Maziwa ya Kilima!"

Asubuhi ileile nilikuwa nimesalimiana na Mama Mukashema njiani. Alikuwa na ndoo ya maziwa na alilalamikia goti. Nilimshika Papa Émile mkono.

"Nani amekupa maneno haya?"

"Thierry, Mama. Ameandika, miye nasoma. Pole sana."

"Papa Émile, huyu mama nimemwona leo! Analalamikia goti!"

Alinitazama kwa huruma. "Basi amekufa nyuma ya pale," alisema.

Nilifungua simu. Picha ya Mama Mukashema ilikuwa imegeuzwa nyeusi na nyeupe, na msalaba umewekwa pembeni. Meno yake yalionekana. Chini yake: "Mama Mukashema wa Lushebere ametuacha... Bonyeza hapa." Nilibonyeza. Zilikuja picha za fromaji, kubwa, moja baada ya nyingine, zikifunguka polepole. Chini kabisa yaliandikwa maneno haya: "...ametuacha nyuma akipanda mlima kama musichana! Siri yake? Fromaji ya Maziwa ya Kilima." Niliyasoma mara tatu. Nimesoma mambo mengi mabaya maishani, na nimeyajibu mengi kwa kalamu. Hili lilinikuta mdomo wazi katikati ya soko.

Nilimpigia Thierry. Alipokea kwa furaha.

"Mama Libérata, umeona visite kwenye site? Tangu asubuhi inapanda tu!"

"Umemuua mtu, Thierry."

"Hapana, Mama. Muntu akifika chini, anacheka."

Nilimwamuru aondoe tangazo. Aliliondoa kabla ya saa sita mchana. Papa Émile naye alitakiwa kusahihisha. Alipanda juu ya kreti na kutangaza kwamba Mama Mukashema "amerudi". Hilo halikusaidia.

Siku mbili Mama Mukashema alipokea waombolezaji nyumbani kwake kwa mzaha. "Karibuni kwa marehemu," aliwaambia, "sukari mumeleta?" Watu walikuja wakilia, wakaondoka wakishika mbavu. Nilidhani balaa limekwisha.

Sikufikiria Walikale. Ngabo mwenyewe ndiye aliyenieleza yaliyotokea huko. Mteja mmoja alimwonyesha tangazo kwenye simu karakanani, Jumatano ileile, kabla halijaondolewa. Ngabo alibonyeza. Mtandao wa huko msituni ulimwachia picha ya mama yake, msalaba na mstari wa kwanza, ukaishia hapo. Zile picha za fromaji zilikuwa nzito mno; sehemu ya kuchekesha haikufika. Hakupiga simu nyumbani, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye huleta jeneza la mzazi. Alilitengeneza kwa mikono yake, kwa mbao nyekundu ambazo angewauzia wengine, akalifunga juu ya pikipiki na kushika barabara.

Ijumaa tarehe 17 Juni, saa nane mchana hivi, nilikuwa uani kwa Mama Mukashema. Pikipiki ilisimama nje ya ua. Ngabo alikuwa na matope hadi kifuani. Yeye na dereva wa pikipiki walilibeba sanduku wakaliingiza ndani ya ua na kuliweka chini. Alikuwa ameinama akilia, hakuona mtu. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Ngabo aliinua kichwa. Alisema, "Mama."

Mama hakumtazama. Alitazama sanduku. Juu ya kifuniko jina lake lilikuwa limechomwa kwa chuma cha moto, kwa herufi nzuri. Alilisoma polepole, maana alisoma shule miaka miwili tu.

"Umeiingiza," alisema.

Aliweka mwiko juu ya jiwe akaingia ndani kulala.

Katika ukoo ule, sanduku lililoingia uani kwa jina la mtu halitoki tupu. Nilikwenda kando ya kitanda chake nikabishana naye, kama ninavyobishana na kila mtu. Nilimwambia mbao ni mbao. Alinijibu, "Libérata, soma kitabu yako. Miye nalala." Alikataa chakula, kisha maziwa. Jumamosi muuguzi alikuja, hakukuta ugonjwa. Padri alikuja, akabariki sanduku na kusema lichomwe. Ngabo alikwenda kuchukua kiberiti. Mama yake akamwita na kumkataza. Jumapili jioni hakuweza tena kukaa. Nilimshika mkono. Mkono ule umekamua ng'ombe miaka arobaini. Nikauachia haraka, kwa sababu sikutaka kujua uzito wake.

Ndipo nilipompigia Thierry, aje aombe msamaha kabla mama hajaondoka.

Alikuja Jumatatu tarehe 20 Juni, saa tatu asubuhi. Alivaa fulana ya ushirika yenye anwani ya tovuti kifuani. Sitasema hakuwa na huzuni. Uso wake ulikuwa umekauka. Lakini alipofika mbele ya Ngabo alisema, "Kaka, pole sana. Ila ungeshuka mupaka chini ya page."

Ngabo alimwuliza kwa sauti ya chini, "Chini kuko nini?"

"Kuko mwisho. Ya kuchekesha."

Ngabo alimkumbatia. Hata mimi niliamini kwamba ni kumbatio. Kisha miguu ya Thierry ikaacha ardhi. Wanaume wengine wawili walishika miguu hiyo, wakamlaza ndani ya sanduku, wakafunika na kulifunga kwa kamba za pikipiki. Ofisa ameniuliza majina ya hao wawili. Nilikuwa natazama mikono, si nyuso.

Walibeba sanduku wakatoka nalo nje ya ua, wakashika barabara ya Masisi-centre. Thierry alipiga mbao na kupiga kelele. Nilishika shati la Ngabo nikamwambia atamuua. Alisema, "Mama Libérata, isitoke tupu. Njo ile tu." Nililiachia shati. Ofisa ameniuliza kwa nini. Sina jibu ambalo sheria italipenda.

Watu walitufuata, simu juu. Tulipopita penye soko, Papa Émile aliona jeneza, akaweka megafoni mdomoni kwa mazoea na kuuliza, "Ni nani ametuacha?"

Sauti ikatoka ndani ya mbao: "Ni miye! Ni miye!"

Papa Émile alitupa megafoni akakimbia, na wauza viazi wakakimbia nyuma yake. Mbele ya kituo hiki Ngabo aliliweka sanduku chini na kufungua kamba. Thierry alitoka akitafuta hewa, bega limeteguka, fulana imelowa. Ngabo hakukimbia. Alijileta mwenyewe ndani na kuwaambia polisi, "Andikeni."

Nilirudi Lushebere. Mama Mukashema alikuwa amekaa mbele ya mafiga, ameegemea ukuta, akila viazi vya jana.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka."

"Na muntu ndani?"

"Na muntu."

"Muzima?"

"Muzima. Yuko hospitali."

Alitafuna kidogo. "Pole yake," alisema. "Ngabo njo yuko gereza?" Nilimwambia ndiyo. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Sasa nasema lililonifanya nishindwe kulala. Video ya Thierry akifufuka kutoka sandukuni, anwani yetu kifuani, imekwisha kupita katika vikundi vyote. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, niliangalia tovuti. Waliotembelea tangu jana ni wengi kuliko wa miezi yote iliyopita. Wapo wanaoagiza fromaji kutoka Kisangani. Wanakamati wamenipigia simu wakicheka kwa furaha. Mmoja ameuliza kama Mama Mukashema atakubali picha nyingine, sasa akiwa kando ya sanduku. Na Thierry ameniandikia kutoka hospitali kwa mkono mmoja: "Mama, ile video usiondoe. Weka juu kabisa."

Nilidhani najua kubishana na uovu. Niliuzoea ule unaokuja na hasira, au na njaa, au na bunduki. Huu umekuja na bega lililoteguka, na bado unahesabu wageni. Kwa watu wa namna hii mwanadamu amekuwa kidole kinachobonyeza. Mengine yote, mama yake, machozi yake, safari yake kwenye matope, ni njia ya kukifikia kidole hicho. Ofisa amenionyesha kwa mkono kwamba sasa nahutubia. Naacha.

Ngabo alifanya kosa, nimeliona, nimelieleza bila kulipunguza. Naomba tu anayemhukumu aulize pia nani aliyeandika komunike.

Niliyoyashuhudia ni hayo. Nimesomewa yote kwa sauti, na sitaki kubadili neno.

(Saini) Uwamariya Libérata

Dokezo la ofisa: Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu, shahidi akiwa timamu, bila vitisho wala ahadi. Shahidi ameombwa kutaja anwani ya tovuti ya ushirika ili iingizwe katika faili. Amekataa. Ameombwa mara ya pili. Amekataa.

OPJ Munyakazi