Maji ya Asiyehesabiwa

Nyumba za Reli,
Manyoni.

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mtinko, goti limepoa na ng'ombe wanapata malisho. Sisi tu wazima. Mama naye mzima, ila anauliza nani anakupikia.

Uliniagiza nimrudishe mke wangu ajifungulie nyumbani, kwa kuwa mji wa reli hauna maji. Nilikataa, na mama akaja huku kumhudumia. Sasa nakueleza yaliyotokea.

Kiangazi hiki visima vimekauka. Maji huletwa na treni, na nyapara wa nyumba zetu huyagawa kwa madebe kufuata idadi ya watu. Alipopita kuhesabu, mtoto alikuwa amezaliwa lakini bado hajatolewa nje. Mama akasimama mlangoni akasema, "Tuko watatu." Nilipomuuliza baadaye, alinijibu, "Baba yako hata ng'ombe hawahesabu kwa sauti, sembuse mjukuu wangu kabla hajatolewa nje."

Basi tukapewa maji ya watu watatu. Jirani zetu, makapera wanne, wakapata zaidi yetu. Wao hupika jioni tu, na huoga siku wakikumbuka. Kwetu mzazi anakandwa kwa maji ya moto, vitambaa vya mtoto vinafuliwa, na moto hauzimwi kutwa. Ikifika adhuhuri debe ni kavu.

Nyapara akaona moshi, akasikia tunaomba maji kwa jirani. Akaja amekunja uso.

"Watu watatu, moto kutwa, maji hayatoshi. Mnapika pombe. Treni ya Singida ikija, wanawake hawa wanapanda."

Mama akafunua chungu. "Onja."

Akaonja. Maji matupu. Papo hapo mtoto akalia ndani.

"Na huyu ni nani?"

"Huyo bado hajafika," mama akasema.

Makapera walicheka hadi wakakaa chini. Nyapara naye, mwenye watoto wengi, alishindwa kukaza uso. "Kumbe anayemaliza maji ndiye asiyehesabiwa. Sawa, mama, simhesabu. Nahesabu vitambaa vilivyo kwenye kamba." Akatuongezea debe.

Makapera wamehamishia sufuria yao kwetu. Moto ule ule unaivisha ugali wa nyumba mbili, nao wanatuletea kuni na maji yanayowabakia. Kuni zinazoungua sasa ni chache kuliko tulipopika kila nyumba peke yake.

Hakuna aliyepanda treni, baba. Jana mama alimtoa mtoto nje. Ameitwa jina lako. Nyapara alikuwa anapita. Mama akamwita, akamwinua mtoto juani.

"Haya," akasema, "sasa hesabu."

Msalimie shangazi anayekutunzia ndama, na mjomba aliyesema tutarudi kabla mwezi haujaandama, mwambie umeandama. Dada, wewe unayemsomea baba barua hii, usiruke pale pa pombe.

Ni sisi wanne wa Manyoni, kwa mkono wa mwanao,

Ntandu